Kichwa cha Songoro

Tangazo kwa walimwengu wote, walio hai, waliokufa, na wale wanaosubiri zamu yao ya kuzaliwa: mimi, Chambuso, Mkombozi wa Wanyonge, Mvunja Minyororo, Adui wa Watawala wa Zamani na wa Baadaye, nimemtoa binadamu katika mateso ya birika la nili kwa mkono wangu mwenyewe, bila silaha, bila jeshi, na bila kumwaga damu hata tone.

Nimemficha kwenye soksi.

Soksi yenyewe ni ya mguu wa kushoto na, kusema kweli, haijaona sabuni tangu utawala uliopita. Lakini historia haichagui makao yake. Hii ni sura ya nne. Tatu za kwanza sikuziandika kwa sababu ndani yake hakukutokea kitu: nilizaliwa, nikaletwa shuleni, nikaachwa. Msomaji anayezitaka anaweza kufumba macho kidogo, zitakuwa zimepita.

Shule yetu haina jina. Zamani ilikuwa nalo, likiwa limeandikwa kwenye ubao pale getini, lakini mvua ililifuta na hakuna aliyekumbuka kuuliza. Hapa kengele hulia kwanza, kisha mlinzi huja mbio kuigonga. Siku za uji wenye sukari, asubuhi huja mara mbili. Mkuu wa Shule hatujawahi kumwona. Yeye ni sauti inayotoka kwenye kipaza sauti kilichotundikwa bwaloni juu ya masufuria, ndiyo maana maagizo yake yote yananukia maharage. Wapo wanaosema hakuna mtu nyuma ya sauti ile. Mimi sina ugomvi na hilo. Sauti inatosha kutuamsha, kutulaza na kutukataza kuchomoa mihogo ya shamba la shule. Mtu wa nini tena? Nina raha hapa. Nina kitanda cha dirishani, nina rafiki anayeitwa Shadhili, na likizo ni jambo linalowatokea wengine.

Siku moja likaja sanduku. Juu ya kifuniko palikuwa na picha ya zamani, ya rangi ya chai ya maziwa, iliyopakwa bluu mahali palipohitaji bluu. Birika kubwa la matofali, la kutengenezea nili, rangi ya bluu. Ndani yake wanaume, maji yakiwafika kiunoni, wamesimama safu mbili zinazotazamana, kila mmoja ameshika kafi refu lililoinuliwa. Kati yao povu. Juu, ukingoni mwa birika, nyapara mwenye kofia nyeupe, mikono nyuma. Chini ya picha waliandika: *Utengenezaji wa nili, enzi za ukoloni. Vipande elfu moja. Burudani kwa familia nzima.*

Ilikuwa picha iliyokatwakatwa vipande vidogo kama kucha, ikauzwa kwa watu wenye muda ili waiunganishe upya. Nilipoelezwa hivyo nilicheka mpaka Bi. Siwema, matroni wetu, akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Mtu anachukua kitu kizima, anakivunja, anakiuza kikiwa kimevunjika, halafu mnunuzi anamshukuru kwa kupewa nafasi ya kukitengeneza. Nikasema aliyebuni mchezo huu lazima aliwahi kutawala nchi.

"Wewe utakufa kwa maneno," alisema Bi. Siwema. "Kapange viatu."

Sauti ikanena kutoka juu ya masufuria: picha iunganishwe kwenye meza ya bwaloni. Itakapofika siku ya kufunga shule iwe imekamilika. Kiranja wa picha ni Shadhili. Isipokamilika, kiranja wa picha hatakwenda nyumbani. Atabaki nayo mpaka ikamilike.

Walimchagua Shadhili kwa haki. Ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kuchambua mchele wenye mawe bila kutukana. Lakini muhula ule alikuwa na haraka yake. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa kike, naye akatuma neno kwamba hatampa jina mtoto yule mpaka kaka yake afike. Ndio utaratibu wa kwao: jina la mtoto hutajwa na nduguye aliyemtangulia, akiwa amemshika. Kwa hiyo kule nyumbani kulikuwa na kiumbe kinacholia, kinanyonya, kinakua, na kinaitwa Mtoto tu.

"Fikiria, Chambuso," aliniambia siku moja, akijaribisha kipande cha anga. "Akikohoa, mama anasema, Mtoto kakohoa. Kama vile watoto wote duniani wamekohoa."

"Mwite Kipande."

"Nitakupiga na sanduku hili."

Nyapara tulimkamilisha siku ile ile ya kwanza. Ndani ya sanduku lote hakukuwa na weupe mwingine kama wa kofia yake; ukiona kipande cheupe, ni chake. Akasimama mezani peke yake, hana birika, hana watu, hana hata ardhi chini ya viatu, akiwa amekamilika kabisa na ameridhika. Wale wa majini walituchukua siku nyingi. Wote rangi moja, wote kifua wazi, mkono wa huyu unafanana na mkono wa yule, na vipande vyao tulikuwa tunavisukuma pembeni tukiviita "vya baadaye". Nilikaa nikimtazama nyapara yule anayeelea, na swali likanishuka bila kuliita, kama kamasi. Je, mtu yupo kwa sababu yupo, au yupo kwa sababu ni rahisi kumpata? Maana kama ni hilo la pili, basi madaraka si nguvu wala akili. Madaraka ni kofia nyeupe katika sanduku lililojaa bluu. Na wengine wote, mimi, wewe, mpishi, Mtoto wa kwa kina Shadhili, ni vya baadaye.

Nililipenda sana swali langu. Nililitembeza bwaloni kama mtu anayetembeza jogoo wake. Hakuna aliyeuliza bei.

Ikafika siku ambayo picha ilibakiza kiganja cha vipande. Kimoja kilikuwa uso. Katika wanaume wote wa birika, wengine wakitazama maji au makafi, huyu peke yake alikuwa amegeuka kumtazama mpiga picha, na mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu aliyeitwa ghafla na hajajua aitike au vipi. Shadhili alikuwa ameinama kutafuta kona ya anga chini ya meza. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Mkono ukarudi. Soksi ikapokea.

Ndivyo nilivyomkomboa.

Siku ya tatu mchana, saa za kupumzika, bweni zima likikoroma, nilijifunika shuka na kumtoa. Hapo nikakutana na tatizo la kwanza la ukombozi. Nimwamkie au aniamkie? Alipopigwa picha alikuwa rika la kaka yangu. Lakini picha ina umri mkubwa kuliko babu wa babu yangu. Mtu akisimama mahali pamoja wakati wengine wote wanazeeka, shikamoo ni ya nani?

"Shikamoo," nikasema mwishowe, kwa usalama.

"Marahaba," kikajibu kichwa. "Humu ulimoniweka kuna nini? Panya kafia?"

"Ni soksi, mzee."

"Mzee mwenyewe. Mimi bado natafuta mke."

"Nimekukomboa."

Kichwa kikanitazama. Uso ule ulikuwa mdogo kama ukucha, lakini dharau yake ilikuwa ya mtu mzima.

"Umenikomboa. Haya. Hebu nitazame vizuri. Unaona mikono?"

"Hapana."

"Kiuno? Miguu?"

"Hapana, mzee."

"Viko wapi?"

"Majini."

"Majini. Mikono inapiga kafi, miguu inaganda, na mimi niko huku nanusa soksi ya mtu. Hata yule mwenye kofia, na ubaya wake wote, hajawahi kuwaza kunifanyia hivi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Vitabu vya historia tunavyosoma havisemi kwamba mtu anaweza kukombolewa kichwa tu. Au labda ndicho wanachosema tangu ukurasa wa kwanza, na mimi nilikuwa nachora masharubu kwenye picha.

"Na sandukuni wameandika nini kutuhusu?" kikauliza.

"Burudani kwa familia nzima."

"Familia ya nani?"

Nikapekua kichwani kama kuna kichekesho cha kufaa. Hakikuwepo.

"Sasa niambie," kikaendelea, kwa sauti ya mtu anayerudi kwenye kazi, "zamu yangu anaipiga nani?"

"Zamu gani?"

"Nenda kaone mwenyewe. Miguu unayo."

Bwaloni hakukuwa na mtu. Picha ilikuwa imelala mezani, nzima, bluu, na katikati ya safu ya kushoto palikuwa na tundu lenye umbo la kipande, juu ya mabega ya mtu. Nikainama kuchungulia. Tundu lilikuwa dogo lakini halikuwa na haraka. Niliweka jicho. Kisha pua. Kisha, sijui kwa njia gani, nikawa nachungulia kutokea upande wa pili, maji yako kiunoni, kafi liko mikononi, na mikono iliyolishika haikuwa yangu. Ilikuwa mikono mizuri, mipana, yenye sugu mahali ambapo mimi nina wino.

"Kaja," alisema jirani yangu wa kulia.

"Siye," alisema wa mbele yangu. "Tazama sura. Hii sura imeshiba."

"Mikono ni yenyewe lakini."

"Kafi linashikwa na mikono. Sura ya nini?"

Wakacheka, safu zote mbili, na maji yakacheka nao. Nilitegemea huzuni, msomaji, nakuapia. Nilikuwa nimejiandaa kuhurumia. Badala yake walikuwa wanataniana kama mstari wa watu wanaosubiri ugali. Maji yalikuwa ya kijani, yananuka majani yaliyooza, na kila kafi lilipoyapiga yalipanda povu na kuelekea, polepole sana, kwenye bluu. Yule wa kulia aliniambia anaitwa Feruzi. Aliniambia siri ya nili ni kupigwa: majani hayana bluu ndani yake ya kuonekana, yanalowekwa, yanatolewa, maji yanabaki, na maji hayo yakipigwa muda wa kutosha, hewa inaingia na bluu inatokea kutoka mahali ambapo haikuwepo.

"Ilikuwepo," akasema wa mbele. "Haikuitwa tu."

Kisha nikaona wanavyopiga. Hapakuwa na ngoma wala filimbi, na nyapara kule juu hakuhesabu chochote. Yeye alisimama tu na kofia yake. Walikuwa wanaitana. Mmoja mwisho wa safu anataja jina, mwenye jina anaitikia *nipo* na kushusha kafi kwa pigo moja, na kabla povu halijatulia linatajwa la pili.

"Mabruki!"

"Nipo!" Chwa!

"Feruzi!"

"Nipo!" Chwa!

"Songoro!"

Kimya.

Feruzi akashusha kafi tena. Chwa. Mshipa ukamsimama shingoni.

"Songoro ni nani?" nikamuuliza.

"Ndiyo mikono uliyoivaa."

"Sasa mbona umepiga wewe?"

"Asiyeitika, jirani yake hupiga mara mbili. Tangu juzi napiga zangu na zake." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayekueleza kisima kiko wapi. "Maji hayajui nani hayupo. Yanataka tu kupigwa."

Jina likazunguka, likarudi. "Songoro!" Nikafungua mdomo niitikie, kwa kuwa mikono ni yake na mimi ndimi niliyekuwa ndani. Lakini sauti haikutoka. Mtu hawezi kumwitikia mwenzake. Nilijaribu, povu likaniingia mdomoni, na Feruzi akapiga tena mara mbili.

"Tema," akasema. Nikatema. Mate yalikuwa bluu. Wote wakatema kunionyesha, safu nzima, bluu tupu, wakafurahi kama watoto. "Hii haifichiki," Feruzi akaniambia. "Ukitema tu, watu wanajua ulikuwa wapi."

Kengele ikalia. Nikatolewa pale kwa masikio, nikajikuta bwaloni, shavu langu liko juu ya picha, na kwa mbali mlinzi anakuja mbio kuigonga.

Ilikuwa siku ya kufunga shule. Sikumbuki imefikaje, naona siku za katikati zilikwenda kwa watu wengine. Mabegi yalikuwa yamepangwa varandani. Shadhili alikuwa amepiga magoti chini ya meza, kisha juu ya meza, kisha ndani ya pipa la taka. Alifagia bwalo lote kwa viganja. Alipoinuka, vumbi la unga lilikuwa limemjaa kwenye nyusi, na alionekana ghafla kuwa mzee anayemtafuta mwanawe sokoni.

"Kimepotea kimoja," aliniambia. "Uso."

"Sura ya nini?" nikasema. "Kafi linashikwa na mikono."

Hakucheka.

Bi. Siwema akatupanga mstari. Mifuko nje. Viatu nje. Soksi nje, zikung'utwe. Nikaona mkono wake unakuja mstarini soksi kwa soksi, na nilifanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa bweni angelifanya akiwa na kitu cha ziada na hana mfuko. Nikamtia Songoro mdomoni.

Alitulia juu ya ulimi. Alikuwa na ladha ya gundi, karatasi na mguu wangu. Matroni akaikung'uta soksi yangu, akaiachia haraka, akasema Mungu amsaidie atakayeolewa na mimi, akapita. Nilikuwa nimeshinda. Nilisimama katika ushindi wangu, midomo imefungwa, nikisikia raha ikinitambaa mgongoni. Wakati huohuo sauti kutoka juu ya masufuria ikaamuru majina yaitwe, kila mmoja aitike, achukue begi, aende.

Matroni akaita. Mmoja mmoja wakaitika *nipo*, na kila *nipo* ilikuwa begi linaloinuliwa.

"Chambuso!"

Nilikuwepo. Nilikuwepo kuliko siku zote za maisha yangu. Lakini kwa kuitika ingenibidi nifungue.

"Chambuso!"

Kimya. Vijana wakageuka. Mimi, ambaye hata usingizini nahutubia, nimenyamaza.

"Hayupo," ikasema sauti. Na nilipotea, msomaji, hivihivi, nikiwa nimesimama. Haikuuma. Ilikuwa tamu kidogo, kama kutoroka kipindi. "Shadhili."

"Nipo," akasema Shadhili.

"Picha haijakamilika. Wewe utabaki."

Hakulia wala kubisha. Aliliangalia begi lake pale varandani, lile lililofungwa kwa kamba tangu juzi, kisha akalisukuma kwa mguu taratibu likatoka kwenye mstari wa yanayoondoka. Akasema, si kwa mtu yeyote, "Basi ataendelea kuitwa Mtoto."

Na hapo nikasikia, wazi, ndani ya kinywa changu: chwa. Kisha tena: chwa. Jirani anapiga mara mbili.

"Nipo!" nikapiga kelele.

Ilitoka na mate. Ilitoka bluu. Ilimpiga Bi. Siwema kwenye kitenge, ikanitiririka kidevuni, ikadondokea shati langu jeupe la sare.

"Toa ulimi," akasema Bi. Siwema.

Nikautoa kidogo.

"Wote."

Nikautoa wote. Bwalo lilishusha pumzi.

"Ni buluu ya kufulia, matroni," nikasema, nikiwa nimemhamishia Songoro kwenye shavu. "Jana nilikuwa nafua."

"Tangu lini unafua kwa ulimi?"

Hata sauti ya juu ya masufuria ilikoroma kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. Ndipo nikajua kuna mtu kule nyuma, na sikujua kama nifurahi au nihuzunike.

Nikatoa kipande, nikakipangusa kwenye suruali, nikaenda mezani. "Na Songoro yupo," nikasema.

"Songoro ndiye nani?" aliuliza Bi. Siwema.

"Huyu."

Nikamweka juu ya mabega yake. Alikuwa amevimba kwa mate, hakutaka kuingia. Shadhili ilimbidi amkandamize kwa dole gumba. Akaingia, lakini hakulala sawa. Ukipitisha kiganja juu ya picha ile, juu ya anga, juu ya nyapara na kofia yake, juu ya birika, mkono unateleza kote mpaka ufike kwake. Hapo unakwama. Kichwa kimoja kimeinuka kuliko vyote.

Sauti ikasema imekamilika, Shadhili anaweza kwenda. Bi. Siwema akasema mimi siendi popote mpaka nifue mashuka ya bweni zima, na kwa mikono. Nikasema asante, matroni, kwa maana adhabu ilikuwa ndogo na jua lilikuwa zuri.

Shadhili alikuwa amekwisha chukua begi. Akarudi mpaka mezani.

"Kwa nini?" akaniuliza.

Nikavuta pumzi, nikanyoosha mgongo. "Katika historia ya mwanadamu," nikaanza, "hutokea wakati ambapo moyo mmoja hauwezi tena kuvumilia kuona wenzake wakiwa majini..."

"Chambuso."

Aliliita jina langu kama wale wa birikani wanavyoitana. Mara moja, bila kuongeza kitu, akasubiri.

"Nipo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki. Mkiondoka, bweni lina vitanda vingi mno. Huwa nalala kimoja leo, kingine kesho, ili visione nimevitenga. Niliona picha ikikosa kipande utabaki, tutapika mihogo, tutacheka." Ulimi ulikuwa mzito, na bluu ilikuwa bado inashuka. "Sikufikiria habari za Mtoto. Yaani nilizifikiria, nikazisukuma pembeni. Za baadaye."

Akanitazama, nyusi bado zina unga. "Mjinga wewe. Ungesema. Kwetu mama hapiki kwa kupima." Akaliweka begi lake chini, akaketi juu yake. "Kafue upesi."

"Na habari ya kumkomboa mtu kutoka birikani?" aliuliza Bi. Siwema, ambaye alikuwa bado anapangusa kitenge. "Nimekusikia ukiitangaza usingizini."

Nilitazama chini. Songoro alikuwa ananitazama kutoka mezani, mdomo umefunguka kidogo.

"Hiyo niliiongeza baadaye, matroni," nikasema. "Nilipokuwa tayari nina soksi mkononi."